Neno Ambalo Bwana Hakulisema

Kila Jumamosi mchana, mimi na binamu yangu Damaris tulifagia kanisa letu dogo lililo kwenye mwinuko chini ya volkano. Kisha tulitandaza majani mabichi ya msonobari sakafuni, ili Jumapili watu wakute harufu nzuri. Tukimaliza, Damaris alipanda mimbarini akayahubiria mabenchi matupu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mabenchi hayakuwahi kumtisha.

Mchungaji Abdías alikuwa na desturi yake. Kila Jumapili alimpa kijana mmoja dakika kumi za kuhubiri, na spika ya juu ya paa ilipeleka mahubiri hayo kijiji kizima. "Mimi nazeeka," alikuwa akisema, "na kanisa halirithiwi kama shamba. Mtu hufundishwa." Kwetu vijana, zamu hiyo ilikuwa heshima kubwa. Aliyefanya jambo la aibu alinyang'anywa zamu, akakalishwa benchi la nyuma kwa miezi mitatu, kila mtu akimwona.

Mwaka huo zamu ya kwanza ya Damaris iliangukia wiki ya tano ya mvua. Ilinyesha mchana na usiku bila kupumzika, na kijito cha korongoni kilijaa maji mazito ya kahawia. Watu walihofia korongo litashuka, yaani mlima uporomoshe tope na mawe humo. Ndugu Fermín, ambaye nyumba yake ilikuwa kando kabisa ya korongo, alikuwa amekwisha kufunga mizigo ili ahamie shuleni, juu kilimani, pamoja na mkewe Petrona na watoto wao watatu.

"Tutaondoka baada ya ibada," alimwambia Mchungaji mlangoni.

Damaris alisoma andiko lake vizuri. Kisha akawatazama watu, na watu wakamtazama. Hakuna aliyeitikia amina. Karatasi ikaanza kutetemeka mkononi mwake, na maneno yakamtoka kichwani yote. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka, tena kwa sauti.

Damaris alifumba macho, akapaza sauti: "Bwana ananiambia sasa hivi! Korongo halitashuka! Nyumba za watu wake hazitaguswa!"

Kanisa lililipuka kwa amina na haleluya. Mchungaji mwenyewe aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Ndugu Fermín alilia kama mtoto, na jioni ile akafungua mizigo yake yote.

Jumatatu asubuhi Petrona alituletea mayai sita yaliyofungwa kwenye kitambaa. "Ya nabii wetu mdogo," alisema akicheka. Damaris hakuyagusa.

"Bwana alikuambia kweli?" nilimuuliza Damaris, Petrona alipokwisha kuondoka.

"Sikusikia kitu, Noemí. Nilisikia kicheko chako tu."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. "Basi kaseme," nilimwambia.

"Nikaseme nini? Kwamba nilimsingizia Mungu? Sitasimama pale tena maisha yangu yote!"

Adhuhuri mvua ilizidi. Bibi yetu Candelaria alikuwa akigeuza chapati za mahindi jikoni. Ghafla alisimamisha mkono, akasikiliza.

"Kijito kimenyamaza," alisema.

"Si ndiyo vizuri, bibi?" nilimuuliza.

"Mvua yote hii, halafu maji yanyamaze? Kuna kitu kimeyazuia huko juu, mjukuu wangu. Na kikiachia..." Hakumaliza. Chapati iliungua mbele yake asiione.

Damaris alikuwa amekwisha kutoka. Nilimfuata mbio matopeni hadi kwa Ndugu Fermín. Korongoni palibaki tope tu, na harufu ya udongo uliofukuliwa ilijaa puani. Watoto wake wawili walikuwa wakiokota mawe katikati ya mkondo uliokauka.

"Ndugu Fermín, ondokeni! Ondokeni sasa hivi!"

Fermín alitabasamu. "Ala! Jana hivi, leo vile? Unanipima imani, binti yangu? Mimi siyo Tomaso. Bwana amesema, nami sitoki."

"Hakusema! Nilisema mimi!"

"Huyo ni Shetani anakutia hofu. Nenda, Mchungaji akuombee."

Uongo ule ulikuwa umeota mizizi, na mwenyewe alishindwa kuung'oa. Tulikimbia kanisani. Mchungaji Abdías alikuwa akikinga maji yaliyovuja darini, na Damaris alimweleza yote kwa pumzi moja. Uso wa Mchungaji ulibadilika. Alimpa kipaza sauti bila kuuliza swali.

"Sema mwenyewe," alimwambia. "Aliyefunga ndiye afungue."

"Mimi ni Damaris," spika ikaita kijiji kizima. "Jana nilidanganya. Bwana hakuniambia lolote. Nilichekwa, nikaona aibu, nikamsingizia. Ndugu Fermín, dada Petrona, watoeni watoto! Nilidanganya!"

Alirudia mpaka sauti ikamkauka. Nikiwa mlangoni, nilimwona Ndugu Fermín amesimama uani, anaitazama spika yetu, hasogei. Petrona hakumngoja. Alimbeba mdogo mgongoni, akashika njia. Ndipo Fermín naye akawashika mikono wale wawili, akakimbia.

Walikuwa kwenye ngazi za shule mlima uliponguruma. Korongo lilishuka na tope, mawe na misonobari mizima. Nyumba ya Ndugu Fermín ilichukuliwa pamoja na paa lake. Kijiji kizima tulipokusanyika shuleni tukahesabiwa, hakuna aliyekosekana.

Jumapili iliyofuata Damaris alikwenda mwenyewe benchi la nyuma. Nilimfuata, kwa ajili ya kicheko changu. Kisha Mchungaji Abdías akashuka mimbarini, akaja kuketi kando yetu. Kanisa zima liligeuka.

"Niliona anatetemeka," alisema, "nikaitikia amina badala ya kumshika mkono. Nilitaka kijana wangu asifiwe. Miezi hii mitatu ni yangu pia." Akatutazama sisi vijana. "Mhubiri anaruhusiwa kusahau. Anaruhusiwa kusema 'leo sina neno' na kushuka. Lakini ukitia maneno yako kinywani mwa Mungu, watu watayaamini hata yakiwaua. Ukikosea, kiri upesi, wakati kukiri kwako bado kunaweza kumwokoa mtu."

Ndugu Fermín aliinuka benchi la mbele, akaja polepole hadi kwetu. Damaris aliinamisha kichwa. Fermín akamweka mtoto wake mdogo mapajani mwa Damaris.

"Bado nimekukasirikia, binti yangu," alisema. "Lakini nyumba nitajenga nyingine. Hawa nisingewajenga."