Maji ya Mfuo

Bi Mwanawema alikuwa akianua karafuu uwanjani, jua linazama, Vuai alipokuja kumwita. Mama yake Vuai alikuwa amefariki alasiri. Wanataka kumzika baada ya Isha, na mwosha maiti mwingine hapo Ole hapatikani.

Bi Mwanawema alikunja jamvi kwanza, akiwaza. Tangu Ramadhani watu walikuwa wakimsema. Eti anachota maji ya maiti akayafanyie uchawi, ndiyo maana mikarafuu yake imezaa na ya wenzake imekauka. Aliyeyaanzisha maneno hayo ni Duni, dada yake Vuai. Mwenzake wa kuosha naye alikwishajitenga. Leo hao hao wanamwita. Kuna nini?

Alitia udhu, akaandamana na Vuai, kimoyomoyo akisema Mwenyezi Mungu anamtosha.

Duni alimpokea bila kumtazama usoni. Akasema yeye atakaa nje ya pazia. Bi Mwanawema akaelewa: analindwa asichote maji.

Ndani, maiti ilikuwa kitandani. Chini yake palichimbwa mfuo, shimo la kupokea maji. Pembeni alisimama mwanamke, kanga imemfika puani, kata ya kuchotea maji mkononi. Bi Mwanawema alidhani ni ndugu wa marehemu, kaja kutoka Kisiwa Panza. Akamtolea salamu. Yule akaitikia kwa kichwa.

Wakaanza. Yeye akiosha, mgeni akimimina.

Karafuu maiti ilikuwa sahanini, lakini haikunukia. Kilichonukia ni udongo mbichi... udongo wa chini sana. Bi Mwanawema akatega sikio. Ndoo ya kwanza ilikwisha. Ya pili ikafika nusu.

Maji yalikuwa yakimiminika.

Mfuoni hayasikiki.

"Wanakusema sana," mgeni alinong'ona.

"Mungu anajua."

"Nipe maji haya. Kesho hakuna atakayekusema. Useme tu, 'Chukua.'"

Neno moja. Bi Mwanawema alimkumbuka Duni pale nje, sikio paziani. Akakumbuka wanawake waliohama safu msikitini ili wasisimame naye bega kwa bega. Neno lilimjaa mdomoni.

Akalimeza.

"Sina cha kukupa," alisema. "Wanaonisema nimemwachia Mungu."

Akaanza Ayatul Kursiyyu. Ulimi ukawa mzito kama wa mtu aliyelala. Kitu baridi kikamshika kifundo cha mkono. Vidole... Hakutazama ni vya nani. Alisoma, akakosea, akarudia tangu mwanzo, mpaka akamaliza.

Kata ikaanguka.

Mgeni hayupo. Pazia halikutikisika. Akainama kuchungulia mfuo.

Mkavu.

Sasa watasema nini? Angeweza kumimina ndoo iliyobaki na kunyamaza. Hakufanya hivyo. Alimfunika marehemu vizuri, akafungua pazia, akamwambia Duni aingie aone mwenyewe.

Duni alitazama mfuo. Akatazama ndoo.

"Nimewasikia," alisema. "Mlikuwa wawili."

"Mimi na yule mgeni wenu."

"Hatuna mgeni, Bi Mwanawema. Na aliyekuomba maji... ile sauti naijua. Ni ya mama."

Bi Mwanawema akageuka kuitazama maiti. Marehemu alipigwa na kiharusi miaka sita nyuma. Hakutamka neno tena mpaka alipokata roho.

Duni alikunja mikono ya baibui, akaiokota kata, akammiminia mama yake maji yaliyobaki huku akilia. Safari hii yalisikika yakianguka shimoni.

Siku ya hitima alisimama mbele ya wanawake wote, akakiri kuwa alimsingizia Bi Mwanawema, akamwomba radhi. Bi Mwanawema alimsamehe. Maneno yakakoma, na safu msikitini ikarudi kama zamani.

Lakini maji yale yalikwenda wapi, na ya kazi gani, hawakuulizana. Duni alihamia kwa kaka yake wiki hiyo hiyo. Ile nyumba wameifunga, na Vuai akipita kuitazama, husema chumba kile sakafu yake haikauki.