Nani Amevuta Sigara Humu?

"Nani amevuta sigara humu ndani?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, kiatu kimoja amevua kingine bado. Mimi nilikuwa juu ya stuli natundika pazia, na mchumba wangu ameishikilia stuli nisianguke.

"Hakuna aliyevuta, Shangazi," nikamjibu. "Ni harufu ile ya zamani, ya marehemu. Inatoka taratibu."

"Ya zamani naijua. Nimefua mashati ya kaka yangu tangu hajaoa. Hii ni ya leo."

Akachukua mto wa kochi, akaunusa. Akanusa pazia. Kisha, jamani, akaniteremsha kwenye stuli akaninusa na mimi, kuanzia kola mpaka vidole, mchumba wangu anaona.

"Fundi, unavuta?"

"Sijawahi, Shangazi. Mimi hata moshi wa kuni unaniliza."

"Pafukapo moshi hapakosi moto. Kaka yangu sigara ndiyo iliyommaliza, na mimi ndiye niliyemshika mkono mpaka mwisho. Binti yake simpi mvutaji. Jumamosi narudi. Nikiikuta tena harufu hii, harusi hakuna."

Nikamtazama mchumba wangu, anitetee japo kwa neno moja. Alikuwa anaangalia pazia.

Ngoja niwaeleze tulikotoka. Mimi ni fundi makochi. Yeye ni mwalimu wa watoto wadogo, na ndivyo ninavyomwita mpaka leo, Mwalimu. Aliishi kwenye nyumba ile na baba yake mpaka mzee alipofariki mwaka jana. Mzee alikuwa na kiti chake kando ya dirisha, na hapo alivuta sigara asubuhi, mchana na jioni, akimsubiri binti yake arudi kutoka kazini. Dari lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Siku moja mtoto darasani akamwambia, "Mwalimu, unanuka kama gari la babu yangu." Alikuja karakana kwangu macho mekundu.

"Fundi, nataka tuanze maisha kwenye nyumba inayonuka sisi. Nisaidie."

Ningekataaje? Tukaoga vumbi kwa wiki kadhaa. Kuta tulizisugua kwa maji ya moto, sabuni na siki, na ndoo ikajaa maji ya kahawia. Mapazia tuliyaloweka yakalala humo. Zulia tulilinyunyizia magadi ya unga, asubuhi tukafagia. Kila kona tukaweka bakuli la mkaa unyonye hewa mbaya. Mwisho tukalipaka dari rangi nyeupe.

Mchana ule rangi ilipokauka tulilala chali sakafuni, tumechoka vibaya. Madirisha yote yalikuwa wazi. Upepo unaliingiza pazia ndani, unalitoa, na mwanga unatembea polepole darini. Nilihisi kama tumelala ndani ya wingu. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu, una rangi mpaka kwenye kucha.

"Unasikia harufu gani?" nikamuuliza.

"Sisikii kitu." Akavuta pumzi tena. "Hakuna kitu kabisa."

Mimi mjinga nikadhani amefurahi.

Kilichobaki ni kiti cha mzee tu. Nilimwambia sponji ya ndani imeshiba moshi, lazima nikifungue. Akaushika mkono wa kiti kama mtu anayezuia mtoto asivuke barabara.

"Hicho usikiguse. Bado."

Ni baada ya siku ile ya rangi ndipo harufu ilipoanza kurudi. Tunaiacha nyumba inanuka limau, nikija tena inanuka sigara. Niliamini ni kiti, mpaka Shangazi aliposema ni ya leo. Sasa akili ikaanza kunicheza.

Kesho yake nikapita bila kumwarifu. Mlango ulikuwa wazi, Mwalimu yuko uani anaanika nguo, anaimba kwa sauti ya chini. Nikaingia sebuleni. Moshi mwembamba ulikuwa bado unaelea kwenye mwanga wa dirisha, umetulia, hauna haraka. Nikasogeza pazia. Kwenye kizingiti cha dirisha kulikuwa na kisahani, na juu ya kisahani sigara imeteketea yote, majivu marefu, mazima, hayajakung'utwa. Nikagusa. Ya moto.

Mtu mwenye akili angejiuliza ni mvutaji gani huyo asiyekung'uta majivu. Mimi wivu ulishanikaa machoni. Nikatoka kimyakimya, nikafika karakana ndipo nikamwandikia.

"Nani anakuja kwako mchana?"

"Mbona unauliza hivyo?"

"Nimeona kisahani. Wewe huvuti, mimi sivuti. Mwambie huyo mwenzako asiniachie majivu yake, nimeisugua nyumba ile kwa mikono yangu."

Simu ikaita hapohapo.

"Fundi, sivyo unavyofikiria."

"Basi niambie nifikirie vipi."

Nilimsikia anapumua, na nyuma yake nguo zinapigwapigwa na upepo kwenye kamba.

"Siwezi kwenye simu."

"Hata mbele ya Shangazi hukuweza. Uliangalia pazia."

Nikakata. Wiki ile nilijigonga nyundo kidoleni mpaka kijana wa jirani akaniuliza kama napiga misumari au najipiga mwenyewe. Kila nikifumba macho naliona lile dari jeupe, na mkono wenye rangi. Nampenda yule mwanamke. Nilikuwa na hasira naye na nampenda, vyote viwili kwa pamoja, na hakuna kilichokubali kumpisha mwenzake.

Jumamosi nilikwenda kumaliza. Mfukoni nilikuwa na ufunguo wa nyumba yake, wa kurudisha.

Shangazi alishafika. Amekaa wima, mkoba mapajani, na harufu imejaa sebuleni haijifichi.

"Fundi, njia ya mwongo ni fupi. Kiri tu, tuagane kwa wema."

"Sina cha kukiri, Shangazi. Nimeleta hiki."

Nikauweka ufunguo mezani. Ulitoa mlio mdogo, lakini Mwalimu alishtuka kama nimevunja sahani.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?" Shangazi akauliza.

"Sigara. Ni mimi, Shangazi. Fundi hajawahi kuvuta, na hakuna mwanaume mwingine anayekuja hapa."

"Umeanza kuvuta? Wewe? Baada ya yote tuliyoyaona?"

"Sivuti."

Akaenda kwenye droo, akatoa pakiti, akawasha sigara moja kwa kiberiti bila kuitia mdomoni. Ilikataa mara ya kwanza. Ikashika. Akailaza kwenye kisahani kizingitini, kisha akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kiti cha baba yake, magoti kifuani. Moshi ukapanda taratibu, ukajikunja kwenye pazia, ukatanda. Kwa muda ule ungeapa mzee yuko kitini na anakaribia kukohoa.

"Niliitaka itoke," Mwalimu akasema. "Kweli niliitaka. Lakini siku tulipolipaka dari, nikavuta pumzi nikakuta baba hayupo. Alipokufa nililia, lakini nyumba ilikuwa bado inanuka yeye. Siku ile ndiyo aliyoondoka. Nikanunua pakiti. Nikaona niwashe moja tu, nikirudi kazini, nikute kama ananisubiri."

Shangazi alikuwa amekaza mdomo. Akainua pua, akanusa, na uso wake wote ukalegea.

"Ndiyo ileile aliyokuwa anavuta," akasema, na machozi yakamtoka. "Mshenzi huyu. Nilimwambia aache, nikamwambia, nikamwambia."

Wakalia wote wawili. Mimi nimesimama tu, na msinione mbaya, nilikuwa nimekasirika.

"Mwalimu, nimenuswa kama mbwa. Nimeitwa mvutaji, nimeitwa mwongo. Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utaniona nimechanganyikiwa. Wewe unasugua ukuta mpaka mikono inachubuka, na mimi nyuma yako nawasha sigara. Ningekwambiaje? Nisamehe, Fundi. Nilikuacha peke yako mbele ya Shangazi, na hukustahili."

Shangazi akajifuta uso kwa kiganja.

"Na mimi nina la kusema. Nilikunusa bila adabu. Samahani, baba."

Ufunguo niliuacha palepale mezani. "Nipeni muda," nikasema, nikaondoka.

Jumatatu nikasikia mkokoteni unasimama nje ya karakana. Mwalimu alikuwa anausukuma pamoja na mwenye mkokoteni, jasho linamtoka, na juu yake kiti cha mzee kimefungwa kamba.

"Kifungue," akaniambia.

"Una uhakika?"

"Sina. Kifungue nikiwepo."

Nikang'oa misumari mmojammoja, sikuwa na haraka. Sponji ilikuwa ya kahawia mpaka katikati. Yeye alisimama kando akishika kamba, na kila nilipoacha kidogo aliniashiria kwa kichwa niendelee. Nilipofika kwenye kitambaa cha juu, pale mzee alipokuwa anaegemeza kichwa, nikachukua mkasi nikakata kipande cha ukubwa wa kiganja. Nikakitia kwenye chupa ya asali niliyokuwa nimeiosha, nikakaza mfuniko mpaka mwisho.

"Nyumba ni yetu," nikamwambia. "Hii ni yako. Ukimkumbuka, fungua kidogo, kisha funga. Na pakiti ile tupa."

Aliikumbatia chupa ile kifuani. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akanisukumia mkononi, akanikunjia vidole.

"Usiuweke tena mezani."

"Siuweki."

Siku ya harusi sebule ilinuka maua na sabuni. Kiti cha mzee nilikivalisha kitambaa cha buluu, kikawekwa mbele, na hakuna mgeni aliyethubutu kukikalia. Mwalimu akatoka chumbani amevaa gauni lake, akanisogelea, akatoa chupa nyuma ya mgongo. Akafungua mfuniko, akafumba macho, akavuta pumzi. Mimi machozi yakanitoka papo hapo, na naapa ni moshi tu.

Mlangoni, viatu mkononi, Shangazi akasimama ghafla.

"Nani amevuta sigara humu ndani?"

Wageni wakageuka. Mwalimu akainua chupa aione.

"Ni baba, Shangazi. Amefika."

Shangazi alituangalia sisi, akaiangalia chupa. Akaelekeza kidole kwenye kiti cha buluu.

"Basi mwambieni akae. Kiti chake si hicho hapo?"