Mkono wa Kushoto wa Mama Albertine

Wiki ya pili sasa, katika nyumba moja ya mtaa wa Hewa Bora, bukari, yaani ugali, ilikuwa inapikwa na baba. Stanislas alifanya kazi ya reli miaka thelathini, na mwiko aliushika kama koleo. Bukari yake ilijaa mabonge.

"Baba Lydie, hii ni bukari ao ni mawe?" mkewe Albertine alimtania.

"Kula tu, mama. Hata mawe inashibishaka."

Walicheka, lakini kicheko cha Albertine hakikudumu. Mkono wake wa kuume ulikuwa umevimba. Hakuweza kusonga bukari, wala kuzungusha cherehani yake ya mkono. Sare za wanafunzi zililala mezani zikimsubiri.

Mkono ulivimba baada ya kupimwa damu. Albertine ana kisukari, na daktari anataka damu yake ipimwe kila miezi mitatu. Siku ile kijana wa maabara alimwambia, "Mama, leta mukono." Albertine akanyoosha wa kuume. Angenyoosha upi? Tangu utoto alifundishwa kwamba mtu hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Kijana akafunga mpira, akakaza sana, akachoma mara mbili. Hakuuliza kitu, na Albertine hakusema kitu.

Na la kusema lilikuwepo. Miaka miwili iliyopita Albertine alikatwa titi la kuume kwa sababu ya saratani. Majirani waliambiwa amekwenda Likasi kwa binti yake, Lydie. Tangu hapo alishona kitambaa laini, akakikunja, akawa anakiweka ndani ya blauzi upande ule. Mumewe peke yake ndiye aliyejua.

"Damu yangu habatatosha tena," Albertine alisema, akikataa kutolewa damu siku nyingine. "Sukari ipande, ishuke, shauri yake."

Stanislas aliweka mwiko chini. Kaka yake alikufa kwa kisukari ambacho hakikupimwa. "Mama Lydie," alisema, "mi sina muntu mwingine."

Jumamosi Mwansa alikuja kuchukua gauni lake. Ni jirani yao, na kazi yake ni kuwatoa wagonjwa damu ya kupimwa katika kituo cha afya. Hata kuketi hakuketi.

"Mama, mukono iko na nini?"

"Ni kuchoka tu."

Mwansa aliushika polepole. "Samahani, mama. Balikupasula huku upande? Ku kifua, ao mu kwapa?"

Albertine alimtazama mumewe. Stanislas aliinamisha macho, maana siri haikuwa yake. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini kwa wahenga kusema ni rahisi. Mwisho Albertine aliingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa kile kitambaa, akakiweka juu ya sare.

"Balikata," alisema, akalia.

Mwansa alikipapasa kitambaa kwa kidole. "Umeshona muzuri, mama," alisema. Kisha akaketi karibu naye.

"Wakati banatosha titi, mara mingi banatosha na tezi za mu kwapa. Zile tezi njo zinapitishaka maji ya mukono. Sasa maji inapita kidogo, sawa mufereji yenye inazibwa. Ukikaza mpira pale na kuchoma sindano, mukono inaweza kuvimba, ao kuingiza microbe, bile vidudu bya ugonjwa. Damu batoshe ku kushoto. Hata tension, presha ya damu, bapime kushoto."

"Nimupe muganga mukono ya kushoto? Atasema sina heshima!"

"Ku labo, kule banapimaka damu, heshima ni kusema. Siye tunapashwa kuuliza. Tukisahau, we utuambie mbele ya kufunga mpira. Lakini kwanza daktari aone huu mukono, leo. Na siku ingine ukiwaka moto ao ukikuwa mwekundu, usingoje."

Daktari aliufunga mkono bandeji na kumfundisha mazoezi. Uvimbe ulipungua polepole. Siku ya kupima ilipofika, Albertine aliketi mbele ya Mwansa kule kituoni.

"Jina lako nani, mama?"

"Wee, haunijue?"

"Naulizaka kila muntu. Hata mama yangu."

Mwansa alinawa mikono, akafungua sindano mpya mbele ya macho yake. Albertine alivuta pumzi.

"Mukono ya kuume, hapana. Balinikata titi huku."

Alisema kwa sauti. Mwanamke aliyekuwa akingoja mlangoni alisikia, na mbingu haikuanguka. Albertine akanyoosha mkono wa kushoto, akiushika kwa chini na kiganja cha kuume, kama mtu anayetoa zawadi.

Mwansa alifunga mpira kwa muda mfupi. Aliulegeza kwanza, ndipo akachomoa sindano na kukandamiza pamba.

"Nyoosha mukono, finya pamba dakika tano. Usikunje, usisugue, damu isivilie mu ngozi." Na palepale akaandika jina kwenye chupa, Albertine akiona.

Jioni ile Albertine alimnyang'anya mumewe mwiko. Bukari haikuwa na bonge hata moja, na Stanislas alikula mpaka akalegeza mkanda.

Wiki iliyofuata mtu alibisha hodi. Ni yule mwanamke aliyemsikia kule kituoni. Aliketi, akikunja ncha ya kitenge chake.

"Mama," alinong'ona, "balikukata, lakini blauzi yako imejaa pande zote mbili. Unaweza kunishonea na miye kitambaa ya kuweka mule?"

Albertine alivuta cherehani karibu. "Ya upande gani, dada?"

Mwanamke aligusa kifua chake, upande wa kushoto.

"Basi we, ku labo, unyooshe ya kuume," Albertine alisema, akamshika mkono.