Kisima Kikavu cha Busi

"Hiyo betri ni yangu, dada. Nimeshailipia."

"Umeilipia wakati mimi nimeishika?"

Duka la betri pale Chang'ombe lilikuwa limejaa watu asubuhi hiyo, bodaboda wakipiga honi mlangoni, na betri kubwa ilikuwa imebaki moja tu. Violeth alikuwa amevaa suruali ya kaki, buti zenye vumbi na kilemba cha kitenge cha njano. Mwanaume aliyeng'ang'ania upande wa pili alikuwa mrefu, ovaroli yake imejaa grisi hadi viwikoni, na alikuwa anatabasamu, jambo lililomkera Violeth zaidi.

"Ya nini, mrembo? Redio?"

"Ya vifaa vya kusikiliza ardhi. Na mimi si mrembo wako."

"Ardhi inasemaje?"

"Inasema uache betri."

Mwanaume huyo, Octavian, aliiacha huku akicheka. Akambebea hadi kwenye gari, na kabla mlango haujafungwa alikuwa ameshapewa namba ya simu.

Violeth alikuwa mtaalamu wa miamba, mtoto wa Chang'ombe hapohapo. Octavian alisimamia mtambo wa kuchimba visima katika kampuni moja ya mjini. Haukupita muda kampuni hiyo ikamwajiri Violeth pia, wakajikuta kwenye kazi moja: Violeth atafute maji kijijini Busi, Kondoa, na Octavian achimbe. Mapenzi nayo hayakuchelewa. Jioni walikaa kwenye benchi la muuza mishikaki, Octavian akimlisha zabibu za Makutupora moja moja. Wakiwa mbali, simu hazikukatika.

"Wenzako hulipua baruti ndipo waione ardhi ndani," Octavian alimtania. "Wewe unangoja malori yapite!"

"Kelele zote ni mali yangu, mpenzi. Lori la alizeti likipita, ardhi inatetemeka. Kifaa cha huku kinasikia, cha kule kinasikia baadaye kidogo. Nikilinganisha kumbukumbu za vyote viwili kwa muda mrefu, najua mtetemo ulikwenda kwa kasi gani katikati yao. Ulipokwenda polepole, mwamba umepasuka. Hapo ndipo maji hukaa."

"Na mimi nikipita?"

"Wewe una kelele kuliko lori zima!"

Picha ya chini ya ardhi ilipokamilika, ilionyesha ukanda wa mwamba uliopasuka ng'ambo ya korongo. Violeth alipigilia kigingi chekundu pale, akamwambia Octavian, "Hapa, wala si pengine," akarudi mjini.

Kisima kikatoka kikavu.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nurdini, ndiye aliyempigia. Violeth alimwamkia shikamoo, mzee hakuiitikia.

"Umetuchezea, binti. Wanawake walishaanza vigelegele, wakamwagiwa vumbi. Kama hujui kazi, ungesema."

Kampuni ikamwachisha kazi. Kila ofisi aliyoingia walishasikia, wakamwita Mama Malori, tena mbele yake. Octavian alimshika mkono. "Pole, mpenzi. Ardhi ndivyo ilivyo. Usijilaumu."

Violeth aliirudia picha yake tangu mwanzo, akaikagua tena na tena. Hakuona kosa. Ndipo akapanda basi kwenda Busi.

Alichokiona huko kilimfanya atoe simu papo hapo.

"Uko wapi?"

"Karakana, mpenzi. Vipi?"

"Usiniite mpenzi! Niko Busi, nimesimama kwenye kigingi changu. Kuna mbuzi amefungwa hapa, Octavian. Mbuzi! Kisima chako nakiona kule, kando ya barabara!"

Octavian akasema taratibu, "Mtambo ungezama kwenye mchanga wa korongo. Bosi Bartolomayo akasema tuchimbe karibu na barabara, tumalize. Nilidhani maji yangepatikana tu."

"Na yalipokosekana?"

"Niliogopa kufukuzwa."

"Ukaniacha nitukanwe mimi! Ukanishika mkono ukanipa pole, huku unajua!"

Akakata simu. Hakupokea tena. Octavian alipokuja Chang'ombe na kikapu cha zabibu, Violeth alizimwaga zote mtaroni, majirani wakitazama.

"Nisamehe, Violeth. Nikupigie magoti wapi?"

"Sitaki magoti! Umeniaibisha mbele ya kijiji kizima, halafu unaniomba radhi mlangoni kwangu? Nenda ulikonichafulia jina!"

Octavian alikwenda Busi. Alimwomba Mzee Nurdini aitishe mkutano. Bartolomayo alifika pia, suti imenyooka, akidhani kijiji kitasaini kwamba kisima kimekamilika, kampuni ilipwe. Violeth alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani.

"Huyu dada hakukosea," Octavian alisema. "Hatukuchimba alipotuonyesha. Mimi ndiye niliyesogeza mtambo, nikanyamaza akalaumiwa yeye."

Watu walizomea. Mama mmoja alimrushia kata ya kuchotea maji, ikampata begani. Bartolomayo akasimama. "Kuanzia sasa huna kazi!"

"Kaa chini," Mzee Nurdini akafoka. "Hatusaini kitu mpaka mchimbe pale kwenye kigingi, na achimbe huyuhuyu." Kisha akamgeukia Violeth. "Binti, nilikutukana bure. Nisamehe."

Wanakijiji walitandika mawe na matawi korongoni hadi mtambo ukavuka. Kazi yote hiyo Violeth hakumpa Octavian neno, ila amri. "Sogea kushoto. Endelea. Bado." Hata chembechembe za mwamba zilipoanza kutoka zimelowa, hakumtazama. Maji yalitoka ya tope kwanza, kisha meupe. Vigelegele vikapaa, na Violeth akalia. Yalikuwa machozi ya hasira. Alishangaa kuona haijaisha.

Octavian akamjia, tope hadi kiunoni.

"Violeth, nataka kukuoa."

"Ukiwa hivyo?"

"Hivihivi."

"Bado nina hasira na wewe. Na kesho nitaamka nayo."

"Naijua. Nimeitafuta mwenyewe."

Violeth alimpenda, na hilo nalo lilimuudhi. "Jumapili njoo kwa mama. Kabla hujataja posa, utamweleza ulichonifanyia, kwa mdomo wako, bila kupunguza. Akikufukuza, usinipigie tena."

"Na asiponifukuza?"

"Basi utakaa, ule."

Jumapili alikwenda, shati jeupe limepigwa pasi, akaeleza yote. Mama yake Violeth alimsikiliza hadi mwisho, akamtukana kwa Kigogo mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akamgeukia binti yake.

"Unangoja nini? Mletee maji anawe."