Mlio wa Pili

Kila Jumapili asubuhi, jua likiwa bado halijafika kwenye madirisha ya kanisa, Chapuchapu alikuwa ameshafagia ngazi za mnara, amefuta vumbi kwenye viti vya wazee na kukunja mikono ya gauni lake tayari kwa kazi. Jina la Chapuchapu alipewa na bibi yake, mpiga kengele wa kanisa hilo tangu ujana wake. Bega la bibi lilipoanza kumsumbua, kamba ilihamia kwa mjukuu. Alikuwa msichana mwembamba wa darasa la sita, mwenye nguvu mikononi na nyingine nyingi zaidi mdomoni.

Kengele ile ilipigwa kwa namna mbili, na mji mzima ulizijua. Ya ibada ilipigwa haraka haraka, mlio ukimkanyaga mwenzake kisigino. Ya msiba ilipigwa mlio mmoja, kikafuata kimya cha kutosha mtu kuvuta pumzi na kuishusha, ndipo ukaja mwingine. Mlio wa kwanza haukuwa na tofauti yoyote. Wa pili ndio uliotoa habari. Kwa hiyo watu waliposikia kengele walisimama kidogo na ufagio au kisu mkononi, wakingoja wa pili.

"Ya msiba usiiguse mpaka nikuambie," bibi alizoea kusema. "Hiyo si ya kujifunzia."

Jumamosi moja Chapuchapu alikuwa akifagia mnara pamoja na rafiki yake wa dawati moja. Rafiki akaitazama kamba, akabetua midomo. "Wewe unajua ya Jumapili tu. Ya msiba huiwezi. Ile ni ya watu wazima."

Chapuchapu hakuwa mtu wa kuambiwa hawezi. Alitupa ufagio, akaishika kamba. Akavuta, akangoja, akavuta tena. Alipofika mlio wa tatu alisikia mayowe barabarani, akaiachia kamba.

Mwokaji aliacha mikate ikiungua. Fundi cherehani, mama aliyekuwa dukani kwake akishona, hakuuliza kitu. Baba yake, mwalimu mstaafu, alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, na kila mtu alidhani kengele ile inamhusu yeye. Fundi alitupa mkasi, akakimbia bila viatu, akateleza kwenye mtaro na kuangukia mkono. Walipomwinua, mkono ulikuwa umevunjika. Baba yake walimkuta nyumbani amekaa kitandani, kikombe cha chai mkononi, anauliza nani amekufa.

"Nani amepiga?" mchungaji aliuliza pale mnarani. Rafiki wa Chapuchapu alikuwa ameshatimua mbio.

"Upepo," Chapuchapu alisema.

Bibi yake alimsogelea. "Mjukuu wangu, nimeivuta kengele hii tangu mama yako hajazaliwa. Ni upepo gani huo unaojua kungoja kati ya mlio na mlio?"

"Upepo," alirudia, akiwakazia macho wote.

Hakuna aliyemwamini. Jioni hiyo mzee wa kanisa, ambaye kazi yake ilikuwa useremala, alitia kufuli kwenye mlango wa mnara na kuutumbukiza ufunguo mfukoni. "Mtoto huyu asiiguse kamba tena," alisema, "hata akiota mvi."

Chapuchapu aliyapokea maneno hayo kidevu juu. Alipofika nyumbani na bibi alivua viatu na kuvitupa pembeni. "Basi. Kanisa lao, kengele yao. Na Mungu wao wabaki naye."

Bibi hakumpiga wala hakupandisha sauti. "Hasira hiyo ni ya kwao," aliuliza, "au umejikasirikia mwenyewe?"

Chapuchapu aliingia chumbani. Jumapili aligoma kwenda ibadani. Lakini Jumatatu, baada ya shule, alikwenda peke yake nyumbani kwa fundi cherehani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?" Fundi alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa plasta.

"Kuosha vyombo."

Akaosha. Kesho yake akaja tena, akachota maji, akafagia vipande vya vitambaa, akatunga uzi kwenye sindano ambayo fundi hakuiweza kwa mkono mmoja. Wiki zikapita hivyo. Hakuomba radhi wala kucheka, na uso wake ulikuwa mgumu kama wa askari wa zamu. Vyombo visafi alivirudia kuviosha.

Siku moja fundi alichoka. "Hebu njoo hapa. Sufuria hiyo umeisugua mpaka inakaribia kutoboka. Unatafuta nini humo?"

"Nalipa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize."

"Hutamaliza. Hata ukiosha vyombo vya mji mzima, mfupa wangu utaunga kwa wakati wake. Na uongo wako hautoki kwa sabuni."

Chapuchapu aliibwaga sufuria. "Kwa hiyo nifanye nini? Nijitupe?"

"Uchukue ulichopewa. Mimi nilikusamehe siku ile ile waliponifunga plasta hii. Nililia, nikakusema vibaya kidogo, kisha nikakusamehe. Mbona huchukui?"

"Sistahili."

"Kweli, hustahili. Angestahili mtu, isingeitwa neema, ungekuwa mshahara. Yesu aliponipokea mimi na makosa yangu, na yalikuwa makubwa kuliko yako, hakunipa kwanza vyombo vya kuosha."

Chapuchapu alitaka kubisha, lakini machozi yalimwahi. Alilia kwa uchungu na kwa hasira ya kulia mbele ya mtu. "Ni mimi niliyepiga," alisema mwisho. "Hakukuwa na upepo. Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe, nimekwambia. Sasa twende ukaseme na kule uliposemea uongo."

Jumapili iliyofuata waliingia uwanja wa kanisa watatu, fundi na plasta yake mbele, Chapuchapu katikati, bibi nyuma. Mzee wa kanisa alikuwa mlangoni mwa mnara akifungua kufuli. Siku hizo alipiga yeye, tena vibaya, hata watu walitoka nyumbani hawajui wabebe Biblia au ndoo za kuzimia moto.

Chapuchapu alipanda ngazi ya kwanza, akageuka. Sauti yake ilitoka nzima. "Kengele ya msiba niliipiga mimi kwa kujionyesha. Nikasema ni upepo. Nilidanganya. Naomba mnisamehe, na naomba kamba yangu."

Mzee alitikisa kichwa. "Kusema ni rahisi. Akirudia je?"

"Mzee," fundi alisema, "mkono uliovunjika ni wa nani?"

"Wako."

"Wewe umevunjika nini?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. "Aliyeumia ni mimi, na mimi nimesamehe. Hiyo hasira unamtunzia nani?"

Mchungaji alisogea karibu. "Mpe ufunguo, mzee. Sote humu tumeingia kwa kuhurumiwa."

Mzee aliuweka ufunguo kwenye kiganja cha msichana. "Nitasimama hapa hapa nasikiliza."

"Sikiliza vizuri, mzee," Chapuchapu alisema.

Akavuta. Mlio wa kwanza ukatoka, na mji mzima ukasimama. Mwokaji alisimama na sinia lake. Mwalimu mstaafu alisimamisha kikombe chake njiani kwenda mdomoni. Chapuchapu hakuwaona, lakini alijua kwamba wote wanamngoja yeye. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, na mlio wa pili ukaukanyaga wa kwanza kisigino, na wa tatu, na wa nne, mpaka watoto barabarani wakaanza kukimbilia ibadani.

Alipotoka, mzee wa kanisa alikuwa amelitia kufuli kwenye mfuko wake wa vifaa. "Imelia vizuri," alisema, akitazama pembeni.

Bibi alimshika mjukuu wake bega. "Kila mtu hukosea, mjukuu wangu. Ukikosea, sema kweli, kisha kubali kusamehewa. Mungu akikufungulia mlango, usijifungie mwenyewe kwa kiburi."

Jumatatu, baada ya shule, Chapuchapu alikwenda tena kwa fundi na kuinamia beseni la vyombo.

"Bado unalipa?" fundi aliuliza.

"Hapana, mama. Leo nimekuja kukusaidia."