Ripoti ya Kurasa Sita

Kengele ililia, korido ikafurika wanafunzi. Mkaguzi wa shule, mwanamke wa miaka arobaini kasoro, alijibanza ukutani na gauni lake la kijani lililopigwa pasi vizuri. Kabla hajapumua, bwana mmoja mrefu akamvaa na boksi la chaki, na gauni likawa jeupe kifuani.

"Lo! Samahani, dada yangu. Nikufute?"

"Thubutu!"

Bwana akacheka, na mkaguzi, ambaye nyumbani alisemezana na redio tu, akajikuta anacheka pia.

Kumbe bwana huyo ndiye ambaye mkaguzi alitumwa kumkagua: mwalimu wa hisabati wa kidato cha tatu, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Kwa Nini. Wiki tatu mkaguzi alikaa dawati la nyuma na fomu zake. Mwanafunzi akikosea, mwalimu hafuti. "Njoo utueleze ulifikaje hapo. Kwa nini ulijumlisha?" Binti mmoja, ambaye hesabu zilikuwa zikimliza, alilieleza kosa lake hatua kwa hatua mpaka akalikamata mwenyewe, na darasa zima likampigia makofi. Mkaguzi aliandika huku machozi yakimlengalenga. Miaka kumi na miwili ya kukagua, hakuwahi kuona ufundishaji kama ule.

Jioni zikaanza simu.

"Leo umeniandika nini, mrembo?"

"Siri ya serikali."

"Hata kwamba nina sauti tamu?"

"Fomu haina nafasi ya sauti, bwana wee. Kula ulale."

Jumamosi mbili walikunywa chai pamoja, na mkaguzi akaanza kununua vikombe viwili viwili.

Ikafika siku ya ripoti. Akimsifu, mwalimu atapandishwa cheo, apelekwe chuo cha ualimu, mwendo wa siku mbili kwa basi. Akiandika kuwa ni wa kawaida tu, atabaki. Mtihani gani huu, jamani! Aliandika ukweli mtupu, kurasa sita, akatuma. Kisha akanyamaza. Alijiambia hana haki ya kumsihi mtu aache cheo ambacho yeye mwenyewe amempendekezea. Siku nne hakupiga simu wala hakupigiwa. Alipika, akala vijiko viwili, akamwaga.

Siku ya tano, mchana, simu ikaita.

"Mkaguzi." Leo hakumwita mrembo.

"Hongera, mwalimu. Nasikia barua imefika."

"Imefika Jumatatu. Nilikaa nayo bila kusaini."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe! Nilisoma ripoti yako iliyoambatanishwa na barua, nikasema, mtu anayenisifu hivi halafu haniulizi chochote, huyu anataka niondoke. Amenichoka."

"Nikuchoke? Mimi? Nilikuwa naogopa kukuharibia!"

"Ungesema baki, ningebaki."

"Basi baki! Baki, mpenzi, nakuomba. Nimekufa, nimeoza kwako."



"Nimesaini leo asubuhi," alisema mwalimu. "Vipindi vyangu ameshapewa mwalimu mpya. Hapa sina kazi tena. Naondoka kesho."

"Nije nikusindikize?"

"Usije. Nikikuona sitapanda basi."

Mkaguzi alitamani kusema atakuja hivyo hivyo, hata kwa miguu. Lakini mwalimu asipopanda lile basi atakosa kazi huku na cheo kule, na hilo alilijua vizuri.

"Safari njema, mwalimu," akasema. Akaiweka simu mezani, akalia kwa sauti mpaka kwikwi ikamshika.