Mtoto Hana Pembe

Kila jioni, akishawaingiza mbuzi zizini, Bibi Boke wa kijiji cha Mugeta alikaa mlangoni kusubiri simu ya binti yake. Ghati alikuwa Mwanza, akitunza panya katika maabara ya kujaribu dawa. Mtoto wake Marieta, wa miaka minne, alikuwa analelewa na bibi.

Boke alimkumbuka sana binti yake. Hata hivyo, aliogopa siku atakayokuja kumchukua Marieta.

Ndiyo maana alificha ugonjwa wa mtoto. Tumbo lilikuwa limevimba, chakula hataki, na chooni alitoa mnyoo. Zahanati hakwenda. Nesi Debora wa pale alisoma na Ghati, angempigia simu tu.

Boke akachukua dawa ya minyoo ya mbuzi. Akamimina kidogo kwenye kifuniko.

Simu ikalia. Marieta akaidaka.

"Mama! Bibi ananipa dawa ya minyoo ya mbuzi!"

"Mpe bibi simu. Haraka!"

Boke akaipokea.

"Mama, ameshakunywa?"

"Bado. Nimempunguzia, kwa kukadiria tu. Mbuzi wanaponaga."

"Mwaga, Mama! Huyo mtoto ana pembe?"

"Na wewe si unawapaga panya dawa za watu?"

"Ndiyo, za kujaribu. Tunawaambukiza minyoo, halafu tunawapa dawa kwa uzito wao. Tunaangalia kama minyoo imekufa, na kama ini limeharibika. Panya akipona, mtu hapewi bado. Dawa inajaribiwa kwa wanyama wengine, kisha kwa watu wazima wachache waliokubali. Ya zahanati imepita huko kote, na ina kipimo cha mtoto. Hiyo yako kipimo chake ni cha mbuzi."

Boke akaweka kifuniko chini.

"Sasa utamchukua," akasema polepole.

"Nimpeleke wapi, Mama? Kazini natoka giza limeingia. Mimi ndiye natamani kurudi huko."

Asubuhi Boke alimbeba Marieta hadi zahanati. Debora akampa kidonge cha kutafuna. Akasisitiza kuvaa viatu, kutumia choo, na kunawa mikono kwa sabuni.

Minyoo ikatoka. Tumbo likapungua.

Jioni moja Boke hakusubiri. Alipiga simu yeye.

"Sikiliza," akasema, akaisogeza simu karibu na sahani ya Marieta.

"Bibi, niongeze ugali! Na dagaa!"

Ghati alisikika akivuta kamasi. Boke hakukata simu. Aliiacha palepale kwenye mkeka, mpaka mtoto aliposhiba.